Kiti cha Reinhold Stuth

Tucson, Arizona
14 Novemba 1977

Kwa meza ya Alhamisi, mgahawa wa Buettner, Milwaukee
Kwa mkono wa Bi Hedy

Waungwana,

Bi Hedy asome kwa sauti kama desturi inavyotaka, asimame upande wa kushoto ili Gust asikie kwa lile sikio lake zima, na asianze mpaka Emil amalize kutafuna.

Nimefika. Binti yangu Marlene amenipa chumba kizuri chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Daktari alisema hewa kavu itayafaa mapafu yangu, maana vumbi la miaka thelathini na nane katika kiwanda cha ngozi halitoki kwa dawa ya kikohozi. Kavu ni kavu kweli. Nikisema neno asubuhi, mpaka mchana limeshakauka na hakuna aliyelijibu. Majirani ni wazee wenzangu waliotoka kwingine, wanalala saa mbili usiku kama kuku. Niliwauliza watatu kama wanajua karata zetu. Mmoja akaja kucheza, akampiga malkia kwa mfalme, akafurahi. Nikamwambia kwetu malkia ndiye mkubwa, akaniona nimeanza kuzeeka vibaya.

Gust, mabomba ya huku hayagandi wala hayapasuki, ungekufa njaa. Herb, jibini lao ni la rangi ya chungwa na lina ladha ya sabuni. Emil, kinyozi wa huku ananyoa vizuri kuliko wewe, na hana hadithi hata moja. Natoka kwake nimependeza na mpweke.

Kiti changu asikikalie mtu.

Wenu,
Alfons Kressin

*

Milwaukee
1 Desemba 1977

Bwana Kressin,

Barua yako imesomwa. Nilisimama kushoto.

Gust anasema afadhali kufa njaa kwenye joto kuliko kulala chini ya sinki la watu mwezi wa kwanza. Herb anasema jibini la rangi ya chungwa ni dhambi na wewe usilitie kinywani hata ukilazimishwa na mwanao. Emil anasema kinyozi asiye na hadithi ni mkata majani tu, na kwamba kichwa chako hakikuwahi kuhitaji zaidi ya hapo.

Alhamisi hii ilikuwa nyama ya siki na madonge ya viazi. Theluji imefika magotini. Ndani ya bahasha yako nilikuta kikaratasi cha Marlene, kwamba ulilazwa siku nne. Hukusema. Jitunze.

Hedwig Buettner

*

Tucson
15 Januari 1978

Kwa meza ya Alhamisi
Kwa mkono wa Bi Hedy

Waungwana,

Nililazwa tena, na safari hii nasema mwenyewe kabla ya Marlene. Siku tisa. Wamenipa mashine ya kuvuta hewa, inapiga mluzi kama birika. Nataka mjue kilichonitoa kitandani. Si mashine, ni barua yenu. Niliwasomea manesi, wakacheka pale pa mkata majani, mmoja akaniomba nimsomee tena. Emil, umekuwa maarufu jangwani, mzee mwongo wewe. Utakufa bado unaniwia mkasi wangu wa baba, ule uliouazima mwaka wa vita. Nakuonya, ukitangulia nitakuja kuutoa mkononi mwako ndani ya jeneza.

Sasa jambo moja linaninyima usingizi. Karata zetu ni za watu wanne. Mko watatu. Mnachezaje? Au mmekaa tu mnatazamana kama ng'ombe kwenye mvua? Bi Hedy anieleze, maana nyinyi hamtaniambia ukweli.

Alfons

*

Milwaukee
2 Februari 1978

Dada Irmgard,

Hongera kwa mjukuu. Samahani nimekawia, nina jambo na sijui nimwambie nani kama si wewe.

Unaikumbuka meza ya Alhamisi, ile ya pembeni chini ya picha ya babu, ambayo mwanamke haketi. Emil kinyozi tulimzika tarehe kumi na tisa Novemba. Moyo, akiwa anaondoa theluji mlangoni kwake. Hakuwa na mke wala mtoto. Jeneza lilibebwa na wateja wake. Barua ya kwanza ya Alfons Kressin ilifika kabla udongo haujashikana. Kikaratasi cha binti yake kilisema baba alilazwa siku nne, tafadhali habari mbaya zisubiri. Niliwasomea Gust na Herb. Gust akasema mwache apone kwanza, na yeye mwenyewe akatunga jibu la Emil. Tulicheka, dada. Tulicheka na machozi yakatoka. Tukakubaliana tumwambie baada ya Krismasi.

Kabla ya Krismasi Herb akapooza upande mmoja. Yuko nyumba ya wazee, nikimpelekea supu ananitazama kama mtu anayetafuta ufunguo. Gust alikuja Alhamisi mbili peke yake. Ya tatu mwanawe alikuja kumchukua akakae nao Minnesota. Alipoaga alinipa mkono, akaniambia mezani pawekwe kitambaa kama kawaida.

Naweka kitambaa. Na jana imekuja barua ya Alfons, anamtania Emil juu ya mkasi na jeneza. Nilisimama nikaisoma kwa sauti mbele ya viti vinne vitupu, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa. Mpishi alichungulia akarudi zake jikoni.

Anasema barua yangu ndiyo iliyomtoa kitandani. Nifanyeje? Nikisema Emil amekufa, itabidi niseme na Herb, na Gust. Nitakuwa nimemzika na yeye.

Na niseme yote basi. Ni barua ya pekee inayokuja humu ndani ikiwa imeandikwa kwa mkono.

Mdogo wako,
Hedy

*

St. Louis
8 Februari 1978

Hedy,

Mwambie. Uongo mmoja huzaa, na wewe hukuwahi kuwa hodari wa kulea.

Irmgard

*

Milwaukee
12 Februari 1978

Bwana Kressin,

Umeuliza mnachezaje watatu. Hawachezi watatu. Amepatikana wa nne.

Anaitwa Reinhold Stuth. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni za kwenda Chicago, sasa amestaafu, amehamia nyumba ya kona karibu na kanisa. Ni mtu mrefu, anavua kofia mlangoni. Hachezi haraka. Gust anasema ukimngoja atupe karata unaweza kuziba mabomba mawili. Lakini wiki iliyopita alikuwa na malkia wa pau na akamtunza mpaka mwisho kabisa, akawakusanya wote, na hakujisifu.

Emil anasema mkasi aliurudisha mwaka arobaini na sita na wewe ulikuwa mlevi hukumbuki.

Nimefurahi umetoka hospitali. Nimefurahi sana.

Hedwig Buettner

*

Tucson
1 Machi 1978

Kwa meza ya Alhamisi
Kwa mkono wa Bi Hedy

Waungwana, kama bado ni waungwana,

Nilisema kiti changu asikikalie mtu. Nina nakala kichwani mwangu. Sasa nasikia kimekaliwa na mkaguzi wa tiketi. Nimemjua huyo mtu kwa kusoma mistari minne, na simpendi. Mtu anayemtunza malkia wa pau mpaka mwisho ni mwoga au mwizi. Anayevua kofia mlangoni anataka kukopa.

Emil, na wewe umekubali? Nilikaa kando yako miaka ishirini na sita nikivumilia harufu ya mafuta yako ya nywele. Ungeng'ang'ania kile kiti angalau miezi sita, hata kwa heshima ya harufu.

Bi Hedy, niambie kweli. Anakaa kiti kipi? Kile cha kwangu chenyewe, au mmemwekea kingine? Niambie tu. Nina umri wa miaka sabini na moja na nimelala nikiwaza kiti.

Alfons

*

Milwaukee
20 Aprili 1978

Bwana Kressin,

Anakaa kiti chako. Hapakuwa na kingine cha kumpa, unajua mwenyewe palivyobanana pale.

Usimchukie. Si mkopaji. Anapoletewa sahani anasema asante, na anasema akiwa ananitazama. Alhamisi iliyopita palikuwa na wageni wengi wa ubatizo, nilikuwa nimesimama tangu saa mbili asubuhi. Nilipopeleka kahawa Bwana Stuth akaisukuma karata yake pembeni, akavuta kiti kutoka meza ya jirani. Akasema, "Bi Hedwig, keti kidogo. Miguu si ya chuma." Mbele ya wote.

Nilikataa bila shaka. Ile ni meza ya babu na sheria zake nazijua. Nilimwambia kahawa itapoa. Lakini nilitaka nikuambie kwamba alisema, kwa kuwa umeuliza ni mtu wa namna gani.

Wenzako ni wazima. Herb anasema jibini. Sijui ni jibini gani.

Hedwig

*

Tucson
4 Septemba 1978

Kwa meza ya Alhamisi
Kwa mkono wa Bi Hedy

Waungwana,

Mmekuwa wavivu wa kujibu wakati wa kiangazi na mimi nimekuwa mvivu wa kupumua, kwa hiyo tumelipana.

Sikilizeni. Nakuja. Nimekata tiketi ya basi. Daktari amesema hapana, Marlene amesema hapana mara tatu kwa sauti inayopanda, na mimi nimesema ndiyo mara moja tu. Nitaingia kwa mlango wa pembeni Alhamisi tarehe kumi na mbili Oktoba saa kumi na moja jioni. Bwana Stuth afahamishwe. Aje na kofia yake ili awe na cha kuvaa anapoondoka.

Kuhusu ile habari ya kumkaribisha mwanamke mezani, babu wa Buettner angefufuka. Miaka themanini na minne meza imesimama bila kuvunjwa sheria. Mgeni wa miezi michache anakuja na adabu za treni. Nitamfunza.

Emil, Herb, Gust, ndugu zangu. Sitanii sasa. Huku sina mtu wa kunitukana. Marlene ni mwema mno, mumewe ananiita bwana. Nikiona uso mmoja kati ya nyuso zenu nitapona, wala msiniambie mambo ya hewa. Niwekeeni nyama ya siki.

Alfons

*

Milwaukee
4 Oktoba 1978

Bwana Kressin,

Usije. Hii haisomwi mezani kwa kuwa mezani hakuna mtu.

Nimeandika barua hii mwezi mzima na kuichana. Sasa naiandika moja kwa moja. Emil alifariki tarehe kumi na sita Novemba mwaka jana. Barua zako zote hakusikia hata moja. Herb amepooza, hasemi. Gust yuko Minnesota kwa mwanawe, nilimwandikia mara mbili, hakujibu. Unajua hakuwahi kushika kalamu ila ya kutia sahihi. Majibu yote ni yangu, isipokuwa lile la mkata majani, lile lilikuwa la Gust.

Reinhold Stuth hayupo. Sijui nilimtoa wapi. Ulitaka mtu wa nne nikakupa mtu wa nne. Halafu ikawa nikitandika kitambaa Alhamisi nawaza huyu leo angesema nini. Nilikuwa na siku ngumu ile ya ubatizo, nilikuwa nimechoka mpaka nikataka kulia mbele ya wageni, na nilipokaa juu chumbani kukuandikia nikamfanya aseme keti. Nimehudumia meza ile tangu nina miaka kumi na tisa. Baba alinipa trei, hakunipa kiti. Nanyi mlikuwa watu wema, mlinipa zawadi kila Krismasi, lakini hilo neno halikumtoka yeyote. Sikujua kama linaniuma mpaka nilipoliandika.

Nilikuficha kwanza kwa ajili ya afya yako. Baadaye nilikuficha kwa ajili yangu. Ningekuambia, ungeacha kuandika, kwa kuwa ulikuwa unawaandikia wao.

Usisafiri siku mbili na nusu kuja kuona viti. Mapafu yako hayatalipwa na chochote hapa.

Nisamehe kama unaweza.

Hedwig Buettner

*

Tucson
10 Oktoba 1978

Bi Buettner mpendwa,

Barua yako kwa baba imefika leo asubuhi. Yeye aliondoka jana usiku. Sikuifungua, nimeiweka mezani kwake.

Amechukua suti yake ya harusi, mashine ndogo ya hewa na karata. Tafadhali asikae penye moshi, na kama midomo yake ikigeuka buluu mpigie daktari bila kumuuliza. Nashukuru mno kwa yote mnayomfanyia hapo. Anapopata barua yenu huwa anakula.

Marlene Kressin Doyle

*

Milwaukee
15 Oktoba 1978

Dada Irmgard,

Barua haikumwahi. Alikuja.

Nilikuwa nimejipa moyo kwamba imefika na hatakuja, hata hivyo niliweka nyama ndani ya siki tangu Jumapili, kwa kuwa nyama hiyo haingojei uamue. Saa kumi na moja kamili mlango wa pembeni ukafunguka. Amekwisha, dada. Suti imebaki pana na yeye yumo ndani kama mtu aliyeiazima. Alisimama akipumua, akavua kofia. Alhamisi zote zile Kressin hakuwahi kuvua kofia mlangoni. Nadhani hakutaka Stuth amzidi.

Kulikuwa na wateja sita upande wa mbele. Meza ya pembeni ilikuwa na kitambaa, sahani moja, chini ya picha ya babu. Aliitazama, akaniuliza wamechelewa? Nilikuwa na hotuba nzima tayari. Nikasema tu Emil amekufa. Akauliza lini, akidhani nitasema jana. Nikasema Novemba. Alihesabu kwa vidole. Nikamwambia ya Herb, na ya Gust, na mwisho nikamwambia hakuna Reinhold.

Akauliza nani alikuwa akisoma barua zake. Nikasema mimi. Kwa sauti? Nikasema kwa sauti, nikiwa nimesimama kushoto. Nilidhani hilo litamtuliza. Ndilo lililomchoma.

Alisema polepole, kwa sababu ya pumzi: "Nimemtania maiti mwaka mzima, Bi Hedy. Nimemwambia nitautoa mkasi jenezani mwake. Na wewe ulijua yumo ndani yake, ukanijibu kwa mdomo wake, nikacheka." Halafu akasema, "Sikumzika Emil. Ulininyima kumzika."

Nilifanya nilichojua, nikaenda jikoni nikaleta sahani. Nyama, madonge, kabichi chachu. Niliporudi alikuwa ameshika kofia. Hakukaa hata dakika moja, dada, hakukaa kwenye kile kiti alichokipigia kelele mwaka mzima. Akatoka kwa mlango wa mbele kama mteja wa kawaida. Nilimfuata mpaka barabarani na trei mkononi. Alikwenda makaburini kwa teksi, baadaye nikasikia alilala hoteli ya stesheni na kurudi kwa basi la asubuhi.

Uliniambia nimwambie. Ulikuwa sahihi, usiniandikie kuniambia ulikuwa sahihi.

Ile sahani niliila mwenyewe, jikoni, nimesimama.

Hedy

*

Tucson
28 Januari 1979

Kwa Hedwig Buettner

Hedwig,

Hii usiisome kwa sauti. Ni yako.

Nilipofika nyumbani nilikuta barua yako mezani. Sikuifungua. Nilisema kuna uongo gani tena umebaki. Ilikaa pale Novemba yote, Desemba nikalazwa, na nikiwa hospitali Marlene akaniletea pamoja na miwani. Nikaisoma kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kusoma. Nimeisoma tena kila siku tangu hapo, na aibu yangu haijapungua, ndiyo maana nimechelewa.

Kwanza kuhusu Emil. Nilikaa kaburini kwake mpaka teksi ikapiga honi. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa yale ya jeneza. Nikasimama pale nikajua kwamba kama angekuwa hai angekasirika nisipoyasema. Kwa hiyo nikayasema tena, kwa sauti, na la mkasi. Nikajisikia nimemzika. Hilo deni lako nimelifuta. Ulinikosea, na nimekusamehe, basi.

Sasa la kwangu. Nilikaa pale Alhamisi ya kila wiki miaka ishirini na sita. Nimejaribu kupiga hesabu ni mara ngapi uliniletea sahani, nikaacha. Ninakumbuka karata nilizoshika mwaka wa hamsini na tatu. Sikumbuki siku hata moja nilipoutazama uso wako ulipokuwa ukiweka sahani chini. Na nilipokuja na kukuta wenzangu hawapo nilikuambia umeninyima, umeninyima, na wewe ulikuwa umesimama mbele yangu, mtu wa mwisho wa meza ile aliyebaki, na chakula mkononi. Nikakupita nikatoka.

Nilimchukia Stuth tangu siku ya kwanza, na nilifikiri ni kwa sababu ya kiti. Sivyo. Nilijua alichofanya ndicho kilichopaswa kufanywa. Mtu ambaye hakuzaliwa alikuwa na adabu kuliko mimi niliyekuwepo.

Sitakuja tena. Safari ile ilikula kilichokuwa kimebaki, na sasa natembea kutoka kitandani mpaka dirishani na mluzi wangu. Kwa hiyo siwezi kukuvutia kiti kwa mkono wangu. Nakuomba tu uniandikie. Wanayosema wengine siyataki tena, hata wakiwa hai. Niambie siku yako ilikwendaje.

Alfons

*

Milwaukee
Ijumaa, 16 Februari 1979

Alfons,

Nimeanza barua hii mara nne. Ya watu wengine najua kuitunga, kumbe ya kwangu siijui. Nilitaka kukuandikia kitu cha kuchekesha ili ule. Nimeamua kuandika kilichotokea tu.

Jana ilikuwa Alhamisi. Niliamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya goti. Nikawasha jiko la chini, nikakaanga vitunguu. Mpishi alipiga simu kwamba gari limeganda, kwa hiyo nilipika mwenyewe. Mchana walikuja watu wawili wa bima, wakala haraka. Jioni wanandoa vijana waliotaka kupiga picha ya kaunta na kuniuliza kama nyumba ni ya zamani kweli. Nikasema kweli. Baada yao hakuja mtu.

Nikaketi kwenye meza ya babu. Nilichagua kiti cha upande wa ukuta, sikujiuliza kilikuwa cha nani. Nilikaa na sahani yangu na uma wangu na nikala taratibu mpaka ikaisha, na hakuna kilichoanguka. Nilitaka kusema kwa mtu kwamba chakula ni kizuri.

Siku yangu ilikuwa ndefu, Alfons. Zimekuwa ndefu hivi kwa miaka mingi. Hujawahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kusema. Hiyo ndiyo habari yangu, yote ni ya kweli.

Hedwig